Kileo na Amri ya Nane

Katika mwaka 2022 NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na vileo na dawa za kulevya, ilituma makarani nyumba kwa nyumba hapa Kenya, kuwauliza watu wa miaka 15 hata 65 wanatumia nini. Hesabu ikatoka: mtu 1 katika 8 alikuwa akinywa kileo, na 1 katika 53 akitumia bangi.

Je, aulizwaye hivyo afungwa na dhamiri kusema kweli? Wako wasemao: karani si padre, wala kizingiti changu si kiti cha maungamo. Wasema vema. Kanisa lafundisha kwamba si kila aulizaye ana haki ya kuambiwa siri zetu. Mtu aweza kunyamaza. Lakini kunyamaza si kudanganya. Anyamazaye huacha pengo, na karani huliandika kuwa pengo. Adanganyaye hulijaza kwa uongo.

Wala uongo huo si mdogo. Katika nchi nyingi imeonekana kwamba vileo ambavyo watu hukiri kuvinywa ni pungufu sana kuliko vile vilivyouzwa. Tena busaa inywewayo kwa mirija katika chungu kimoja, nani ataipima kwa glasi? Naye mlevi aliye kifungoni, au alalaye barabarani, hana mlango wa kubishiwa hodi. Hesabu yenyewe ina upungufu tayari. Sisi tuliojaliwa nyumba tusiuzidishe. Maana penye hesabu ndogo hutengwa fedha ndogo za matibabu, na kijana wa jirani aliyenaswa na chang'aa hukosa kitanda kwa sababu sisi tuliona haya. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Na hapa huenda kikamwumbua mwingine.

Waulizao nao wana wajibu wao. Wasimhoji baba mbele ya watoto, wala mke mbele ya mumewe. Waitunze siri, wala wasiifanye hesabu kuwa fimbo ya kuwapigia maskini. Serikali iulizayo bila nia ya kuponya yafanya udaku tu.

Basi, enyi wazazi, karani abishapo hodi, semeni kweli au nyamazeni kwa adabu. Na jioni, tupelelezapo dhamiri zetu kabla ya kulala, tuzihesabu chupa zetu wenyewe. Asiyejidanganya mbele ya Mungu hataona shida kumjibu karani.