Chuma Hulazwa Panapovutwa



Ukitoka Machakos kwenda Nairobi, hapo Athi River utakutana na malori ya nondo, ambazo mafundi wetu huziita vyuma tu. Kila kimoja kina urefu wa mita 12, nacho hukunjwa katikati ili kitoshe garini.

Zege ni ngumu sana ikigandamizwa, lakini ikivutwa hupasuka upesi. Chuma ndicho hustahimili kuvutwa. Sasa boriti ya juu ya mlango ikilemewa, hupinda kidogo, na upande wake wa chini ndio unaovutwa. Basi chuma hulazwa chini, kikiinuliwa kidogo kwa vijiwe vya simiti, zege ikifunike kisipate kutu. Roshani inayotokeza nje ni kinyume: huvutwa juu, na chuma chake hukaa juu. Vibarua wakikikanyaga kikashuka, gharama ni ile ile, chuma ni kile kile, lakini roshani yaweza kuanguka.

Bwana mpendwa, unaposema, "Mimi nimenunua kila kitu," je, umekilaza wapi?

Naungama yangu. Mtoto wetu wa tatu aliugua miezi mingi. Nilinunua dawa, unga haukukosa, na kila jioni nilikuwa parokiani nikifundisha wakatekumeni. Usiku mmoja mke wangu aliniambia, "Baba watoto, pesa nimeziona. Wewe sijakuona." Nilikasirika. Si nilikuwa katika kazi ya Mungu? Majuma yalipita kabla sijamwomba padre aniondolee jioni mbili, nikae na mtoto ili mama yake alale.

Nawe mama, labda mumeo amepoteza kazi. Nyumba inang'aa, chakula kiko mezani kwa wakati, lakini mbele ya ndugu zako unamsema kama mtoto. Hapo ndipo anapopasuka, wala chakula hakitamsaidia.

Zege ikishakauka, hakuna fundi awezaye kukisogeza chuma. Sisi wanandoa tuna nafuu: tunaweza kusogea, hata baada ya miaka ishirini.

Leo watoto wakishalala, zimeni redio mwulizane: siku hizi unalemewa wapi? Anayeuliza asijitetee. Naye anayeulizwa, tafadhali, asijibu "hakuna neno".