Unyenyekevu wa Kujichagulia

Usiku ule Yesu alipojifunga kitambaa kiunoni na kuanza kuwaosha wanafunzi wake miguu, Petro alikataa. Ukiisoma Yohana 13 harakaharaka utamsifu: huyu anajua nafasi yake, hataki Bwana wake ainame mbele yake. Lakini alipoambiwa kwamba asipooshwa hana sehemu na Yesu, akataka aoshwe mpaka mikono na kichwa. Mara zote mbili anayepanga ni yeye. Kiburi chake kilijificha hapo, katika kutaka kuamua mwenyewe atashuka vipi na mpaka wapi.

Tumezoea kukitafuta kiburi kwa mwenye gari kubwa na sauti kubwa. Huyo hana siri. Wa kuogopwa ni yule aliyekaa benchi la nyuma akichungulia nani atamwita mbele. Yohane Kasiano, mtawa wa karne ya 5, aliwaonya wenzake kwamba majivuno hula fadhila zilezile zinazoua maovu mengine: aliyeacha kujivunia nguo nzuri hujivunia matambara.

Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la Kikristo la toba, uliyaona yote mawili: unyenyekevu wa kweli na kiburi kilichovaa unyenyekevu. Mwaka 1929, Namirembe, Kampala, daktari mmisionari Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, aliketi na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka iliyofuata, uamsho ulipoenea, wamisionari Wazungu walisimama mbele ya Waafrika wakaungama dharau yao ya rangi. Katika enzi ya ukoloni, hilo halikuwa jambo dogo: wale waliozoea kufundishwa ndio sasa waliosikiliza toba ya walimu wao. Ila kuungama hadharani kulipogeuka desturi, wapo walioanza kuwapima wenzao kwa kuungama huko, nani yuko nuruni na nani bado, na ushirika wa ndugu ukapasuka hapa na pale.

Tuje kwenye usharika wowote wa leo. Jumapili mzee wa kanisa anasimama: "Mimi si kitu, ndugu zangu, ni mavumbi tu." Watu wanaitikia amina. Jumanne, kwenye kikao cha kamati ya ujenzi, mweka hazina, binti mdogo tu, anafungua daftari. "Shikamoo mzee. Samahani, zile fedha za saruji, risiti bado hatujaipata." Kimya. Mzee anavua miwani, anaifuta polepole, kisha anauliza huyu binti ameokoka lini.

Mavumbi hayaulizi swali hilo. Kujiita mwenye dhambi kwa jumla hakumgharimu mtu chochote, maana dhambi hiyo haina tarehe wala kiasi. Kazi ni kuambiwa na mwingine, tena mdogo kwako, kosa lenye siku yake na shilingi zake. Ndiyo maana siyaamini sana mazoezi ya kujidharau. Mwimbaji anaweza kujua kabisa kwamba sauti yake ni nzuri (na kusema kweli, wanakwaya wengi wanajua) bila kuwa na kiburi, mradi mwalimu wa kwaya akimwambia amepanda mno, ashuke bila kununa.

Basi mzee wetu asihangaike kutafuta neno la chini kuliko mavumbi. Kikao kijacho alete risiti. Kama hana, aseme hana.