Deni la moshi asibebeshwe mkulima wa Kilwa

Mwaka jana nilikwenda Kilwa kwenye maziko ya shangazi yangu. Wakati wa kurudi nilikaa pale Nangurukuru zaidi ya saa nzima nikingoja basi la Dar es Salaam, na pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja naye anangoja safari yake. Baada ya shikamoo na marahaba, nikaropoka kwamba Kilwa ina mapori mengi ya bure, watu wangelima wakashiba. Mzee akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyekosa adabu bila kujua.

"Mwanangu, hapa hakuna pori la bure. Hapo unapoona magugu babu yangu alilima mtama, na wajukuu zangu watalima. Ardhi hiyo imelala, haijafa."

Ndugu msomaji, aliyekaa kidogo darasani akasoma fiqhi anajua kwamba mzee yule hakuwa anacheza na maneno. Wanazuoni wamezungumza sana juu ya ardhi mfu, ile isiyo na mwenyewe, kwamba anayeihuisha ana haki nayo. Lakini wakaweka mpaka: eneo ambalo watu wa kijiji wanalitegemea kwa kuni, malisho na mahitaji yao mengine halihesabiwi kuwa mfu, hata kama hakuna jembe lililolala juu yake usiku wa jana. Sasa tutazame kilichotokea Kilwa pale watu wa mbali walipoiona ardhi iliyolala wakadhani ni maiti.

Umoja wa Ulaya ulitaka kupunguza moshi wa magari. Agizo lake la mwaka 2003 liliweka lengo kwamba ifikapo 2010 asilimia 5.75 ya mafuta ya magari yawe yanatokana na mimea na mfano wake. Mwaka 2009 likaja lengo la asilimia 10 ya nishati ya usafiri kutoka vyanzo visivyokwisha ifikapo 2020. Sina ugomvi na nia hiyo. Ila mimea inataka ardhi, na macho yakageukia Afrika. Kampuni ya Kiholanzi iitwayo BioShape ikafika Kilwa kulima mbono kaburi, mmea ambao sisi tunaujua kwa ua wa shamba na makaburini. Ikapata hekta zipatazo 34,000 katika ardhi ya vijiji vya Mavuji, Migeregere, Liwiti na Nainokwe. Hizo ni zaidi ya ekari 84,000, na mkulima wetu wa jembe la mkono akilima ekari tatu anaitwa hodari.

Oktoba 2007, Jean Ziegler, mjumbe wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki ya chakula, aliliita suala la kugeuza chakula kuwa mafuta jinai dhidi ya ubinadamu. Hoja ya watetezi wa mbono ikawa kwamba mbono hauliwi, hivyo haumnyang'anyi mtu tonge. Kweli hauliwi. Lakini unakaa mahali pa kinacholiwa.

Mwaka 2010 kampuni ile ikafilisika. Na ardhi je? Hapa ndipo penye uchungu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mwekezaji wa nje hapewi ardhi ikiwa bado ni ya kijiji. Sharti kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla. Ikishahama, mwekezaji anaweza kufilisika akaenda zake, lakini ardhi hairudi kijijini yenyewe. Kwa mwanakijiji aliyenyoosha mkono mkutanoni akidhani anaazima, hilo ni kama kumkopesha jirani sufuria, jirani akahama, na sufuria ukaambiwa ni mali ya mtaa.

Linganisha na Sayyidna Umar (r.a.). Mtume (s.a.w.) alikuwa amempa Bilal bin Harith al-Muzani ardhi ya Aqiq. Umar alipokuwa Khalifa akaona ardhi ni kubwa na mwenyewe hawezi kuilima yote. Akamtaka abaki na anayoiweza, inayobaki igawiwe Waislamu. Bilal alikataa, na Umar akaichukua ile iliyomshinda akaigawa. Tuangalie aliyetoa ardhi hiyo ni nani! Na bado haikuachwa ikae bure mikononi mwa asiyeilima.

Nisieleweke kwamba mabadiliko ya tabianchi ni hadithi za Wazungu. Watu wa Kilwa waliyaona mafuriko ya Januari 2020, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika Somanga na Kusini ikatengana na Dar es Salaam. Mkulima naye si malaika. Kufyeka msitu mpya kila baada ya misimu michache kwa ajili ya ufuta kunamaliza msitu, na ukiisha atakayeumia mwanzo ni yeye. Ninachokataa ni kumtoza yeye deni la moshi ambao hakuutoa. Tena si mara moja. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu kwa hoja ya kuyanusuru maji ya Ruaha, wakaelekezwa mikoa ya Pwani na Lindi, Kilwa ikiwemo. Maji yale yalikuwa na haki yake, lakini ugomvi wa ng'ombe na mihogo ukahamia Kusini. Wanazuoni wanasema madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake, na hapa yalihamishwa tu wilaya.

Wapo waliofanya vingine, na hapo hapo Kilwa. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa misitu yao, wakisaidiwa na mradi wa mpingo. Msitu ulibaki wa kijiji, mti ukivunwa unavunwa kwa mpango, na fedha inajulikana ni ya nani. Msitu ukahifadhiwa na mwenye nao hakufukuzwa.

Na sisi wa mjini tusijitoe. Mkaa tunaopikia pilau la Idi haukuota Kariakoo. Ni rahisi kumlaumu mkata miti huku gunia lake liko jikoni kwetu.

Sasa imekuja biashara ya kaboni, ambayo Serikali iliitungia kanuni mwaka 2022. Huenda ina kheri, sitaihukumu kabla. Lakini wengi wetu tuna wazazi na wajomba huko Kusini. Tukienda kuwaona, tuombe kuuona huo mkataba wanaoletewa. Umeandikwa kwa lugha gani? Ni wa miaka mingapi? Shamba lililopumzishwa limeandikwa kuwa shamba au pori? Na mwenye mradi akishindwa, ardhi inarudi kwa nani?

Wallahu a'alam.