Namba Umeipata Wapi?

Likizo iliyopita nilifanya kazi katika ofisi ya madalali wa ardhi hapa Kampala. Kila asubuhi nilipewa karatasi yenye namba za simu, nami nikiwapigia watu kuwauzia viwanja vya Mukono, futi 50 kwa 100. Mshahara haukuwepo, nilitegemea kamisheni.

Siku moja alipokea mama mtu mzima. Hakuuliza bei. Aliuliza, "Mwanangu, namba yangu umeipata wapi?" Nikajibu, "Ofisini, mama." Hilo lilikuwa kweli, na bado nilimdanganya, kwa kuwa nilijua karatasi ile ilinakiliwa kutoka orodha ya waliochangia msiba. Aliandika namba yake ili jirani azikwe.

Je, mtu akitoa namba yake kwa jambo moja, ameitoa kwa yote? Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inadai ridhaa kwa jumla, lakini ikifika kwenye matangazo ya biashara inampa mtu haki ya kuandika akitaka yasimamishwe. Sheria ya Kenya ya mwaka huohuo inaanzia upande wa pili: usitumie taarifa za mtu kibiashara mpaka akubali waziwazi, au sheria ikuruhusu. Kwangu mimi tofauti hiyo si ndogo. Mama yule angeandikaje kukataa jambo ambalo hakujua linafanyika?

Mwenzangu wa darasani hukubaliani nami. Anasema simu haimuumizi mtu, asiyetaka akate. Tena kijana asiye na mtaji aishi vipi? Hili la pili linanigusa, maana kamisheni ndiyo iliyonilipia chumba. Lakini linaeleza shida yangu tu, halinipi haki juu ya namba ya mtu. Na kuhusu kukata simu: sidhani kilichomuumiza mama ni mlio. Ni kutambua kwamba mtu aliyekaa naye matangani ameiuza ile karatasi.

Niliifuta namba yake. Kesho yake nikaiona kwenye karatasi ya mwenzangu wa meza ya pili, nikamwomba airuke. Akaniuliza kama nitamlipa kamisheni yake.