Viumbe wa Magadi Hawavumilii

Nimesikia mahubiri haya mara nyingi: Mungu aliyewapa vijiumbe wa Ziwa Magadi nguvu ya kustahimili chumvi, nawe atakupa nguvu ya kuistahimili ndoa yako, ufukara wako, mwajiri wako. Mimi ni mkristo na nimefundisha baiolojia miaka mingi. Hapo amina hainitoki.

Vijiumbe wenyewe ni wa kustaajabisha kweli. Ukishuka Bonde la Ufa wakati wa kiangazi, ukapita Olorgesailie, unakuta maji ya ziwa yameiva wekundu, na rangi hiyo ni yao. Mmoja wao, Natrialba magadii, amepewa jina la ziwa hilohilo. Chumvi kali hufyonza maji kutoka ndani ya seli, na kiumbe wa kawaida hunyauka akafa. Jamii yake yeye haikuizuia chumvi mlangoni: wanajaza potasiamu ndani mpaka nguvu ya ndani ilingane na ya nje. Protini zetu zingeshikamana na kuharibika humo. Zao zimeandikwa upya katika jeni, zikawekewa asidi aspatiki na glutamiki kwa wingi, hivyo nyuso za protini hizo zina chaji hasi zinazoyashika maji na kuzifanya ziendelee kufanya kazi. Si jeni moja iliyobadilika. Ni karibu kila protini. Hata bakteria wa ukoo wa mbali kabisa, Salinibacter ruber, aliyeelezwa mwaka 2002 kutoka mashamba ya chumvi ya Hispania, ana protini za namna hiyohiyo.

Basi nani alivumilia? Wasiofaa walikufa bila uzao, kizazi baada ya kizazi. Aliyepo leo yuko kwake. Mtie katika maji ya mvua, hayo tunayoyaita baraka, atapasuka.

Naamini njia hiyo ndefu ya uumbaji ni ya Mungu. Lakini mtu mmoja hawezi kubadilika hivyo ndani ya maisha yake. Mtu anayepigwa nyumbani hageuzi protini zake. Anaumia, na maumivu yake yanasema kweli kwamba pale si mahali pake. Ayubu alilalamika sura kwa sura, na mwishoni Mungu aliwakemea rafiki zake waliomtetea Yeye, akasema Ayubu ndiye aliyenena sawasawa.

Mzee mwenzangu kanisani aliniuliza kama nataka watu wafundishwe kukimbia kila shida. La. Anayekesha na mtoto mgonjwa anavumilia, na ninamheshimu kuliko ninavyoweza kusema, kwa sababu anaumia, anaweza kuondoka, na bado anabaki kwa ajili ya mwingine. Kijiumbe hana hata moja kati ya hayo. Ndiyo maana namtaka mhubiri, kabla hajamwambia mtu avumilie, amuulize kama ana pa kwenda. Na kama hana, kanisa limtafutie.