Mwanafunzi, Mgonjwa na Ridhaa Yake

Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu anayesomea nyurosaikolojia, elimu ya jinsi ubongo unavyobeba kumbukumbu, lugha na tabia, hahitimu kwa vitabu peke yake. Sharti akae na wagonjwa: aliyepatwa na kiharusi, aliyeanguka na bodaboda, mzee anayewasahau wanawe, mtoto aliyepona malaria ya ubongo. Nchini Kenya wanafunzi hukiita kipindi hicho atachimenti. Nairobi, Chuo Kikuu cha Daystar na USIU-Africa hutoa uzamivu wa saikolojia tiba. Marekani, mkutano uliofanyika Houston mwaka 1997 ulitaka mtaalamu wa nyurosaikolojia aongeze miaka 2 ya mafunzo ya kliniki hata baada ya kupata uzamivu. Masharti hayo yanaeleza ni kiasi gani cha mazoezi kinatosha. Hayaelezi ni kwa haki gani mtu ajifunzie kazi yake kwa mgonjwa.

Jibu la haraka ni la manufaa: bila wanafunzi wa leo hapatakuwa na wataalamu wa kesho, na mgonjwa wa leo mwenyewe anatibiwa kwa ujuzi uliopatikana kwa waliomtangulia. Jibu hilo lina uzito, lakini likiachwa peke yake linahalalisha karibu kila kitu. Mwaka 1785 mwanafalsafa Immanuel Kant aliweka mpaka: binadamu asitumiwe kama chombo tu. Neno la mwisho ndilo lenye kazi. Mgonjwa anaweza kumsaidia mwanafunzi kujifunza bila kudhalilishwa, mradi ameelewa kinachotendeka na amekubali. Kwa mwanafunzi wa upasuaji hilo linatosha kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa mwenye ngiri anaulizwa naye anajibu.

Katika nyurosaikolojia jibu la Kant linakwama, kwa sababu uwezo wa kuridhia ndio unaopimwa. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 ili kutibiwa kifafa, akapoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya. Brenda Milner na watafiti wengine walimchunguza kwa zaidi ya miaka 50, hadi alipofariki mwaka 2008. Alikuwa mpole na alikubali vipimo, kisha akasahau kwamba alikubali, na akasahau vipimo vyenyewe. Elimu ya kumbukumbu inamdai mengi. Swali linabaki kama ridhaa isiyokumbukwa na aliyeitoa ni ridhaa.

Mwanafalsafa John Locke aliufunga utu kwenye fahamu inayojikumbuka. Anayemfuata mpaka mwisho atalazimika kusema kwamba aliyekubali asubuhi si yule anayepimwa jioni. Wachache wangethubutu kumwambia hivyo mke wa mgonjwa. Karen na Lang'ata, vitongoji vya Nairobi ambako nyumba za watawa na vyuo vya Kikatoliki kama Tangaza vimejaa, fikra inayofundishwa ni nyingine. Kwa Thomas Aquinas, aliyerukwa na akili bado ana roho yenye akili. Kilichozuiwa ni kiungo cha mwili ambacho roho hiyo hukitumia. Utu wake haupandi na kushuka na alama za mtihani wa kumbukumbu.

Fiqhi ya Kiislamu inaongeza jambo lenye manufaa zaidi kwa mhudumu wa wodini. Asiye na akili hana taklifu, yaani wajibu wa kisheria, na haandikiwi dhambi, lakini haki zake hazifutiki. Hushikwa na walii, yaani msimamizi wake, na walii hana mamlaka ila kwa maslahi ya anayemsimamia. Hapo ndipo penye kiini cha suala zima. Ndugu wa mgonjwa anaweza kuidhinisha kipimo ambacho mgonjwa anakihitaji kwa matibabu yake, hata kama kinafanywa na mwanafunzi chini ya jicho la msimamizi. Hawezi kuidhinisha saa tatu za maswali ambayo faida yake ni kujaza daftari la mwanafunzi tu. Hata mfuasi wa Kant angeukubali mpaka huo.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inadai ridhaa yenye maelezo, na ibara ya 28 ya Katiba ya 2010 inalinda heshima ya kila mtu. Fomu moja iliyotiwa sahihi siku ya kulazwa haitimizi hayo kwa mtu ambaye fahamu zake huja na kutoweka. Anapaswa kuulizwa upya kila kikao, kwa lugha anayoiwazia, aambiwe waziwazi kwamba aliye mbele yake bado anasoma. Akigeuza uso au akisukuma karatasi, amekataa, japo hana maneno ya kusema hivyo.

Heshima inadai pia kwamba kipimo kiwe cha haki. Kipimo cha Boston cha kutaja majina ya vitu kina picha 60, na miongoni mwake kuna nyumba ya barafu ya watu wa Aktiki. Mama wa Kibera asiyeitambua hajapoteza lugha, hakuwahi kuiona. Mwanafunzi akimwandikia kasoro ya ubongo amemdhuru, na hakuna fomu ya ridhaa inayoyafuta madhara hayo. Kilifi, watafiti wa malaria ya ubongo, Amina Abubakar miongoni mwao, walilielewa hilo wakaunda vipimo vya watoto kwa vifaa vinavyofahamika pwani. Ilikuwa kazi ya kisayansi, na ilikuwa kazi ya maadili vilevile, ingawa ripoti za utafiti kwa kawaida hazitumii neno hilo.

Linabaki swali la nani abebe mzigo. Tangu hospitali kubwa za Paris na London za karne ya 18 na 19, madaktari wamejifunzia kwa maskini kisha wakawatibu matajiri. Nairobi nayo ina njia hiyo: Mathari, iliyoanza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ni mahali pa kufundishia, na mtaalamu aliyeiva anaweza kufungua ofisi Karen, ambako mfanyakazi wa kibarua hawezi kumudu ada ya kikao kimoja. Henry Odera Oruka, aliyefundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake mwaka 1995, alitetea haki ya kila mtu kupata kiwango cha chini cha kuishi kama binadamu, afya ikiwamo. Kwa hoja yake, anayechangia ujuzi kwa ubongo wake mwenyewe hawezi kunyimwa matunda ya ujuzi huo kwa kukosa pesa.

Kwa hiyo hospitali na kliniki za binafsi za Karen zinapaswa kupokea wanafunzi, chini ya msimamizi aliyesajiliwa kwa Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, na mgonjwa anayelipa aombwe ridhaa ileile anayoombwa mgonjwa wa Mathari. Mtaalamu aliyefunzwa kwa wagonjwa wa hospitali za umma naye anadaiwa saa kadhaa za kila wiki katika hospitali hizo.