Je, Kila Dhiki ni ya Kusubiriwa?

Mfanyakazi akilalamika kuwa mshahara haumfikishi mwisho wa mwezi, na usingizi umempotea, huambiwa: Subiri, riziki ni ya Mungu. Neno hili ni la haki. Lakini twauliza, je, ni la haki kila linaposemwa?

Msomaji na aje Kawangware alfajiri, pale mwisho wa gari za 46, awatazame wanaokwenda kwa miguu Lavington na Kilimani kujenga, kufua na kulinda milango. Kijana miongoni mwao huacha chakula cha mchana ili alipe kodi ya chumba, akidhani mwili wake hauna mwisho. Mwenye miaka arubaini ana karo za watoto na deni la duka. Usiku halali, na akipimwa huambiwa ana presha. Dawa ya mwezi mmoja huimeza siku moja akaacha ya pili, ifike miezi miwili. Na mzee, ambaye kwa maisha yake yote alikuwa kibarua asiyewekewa akiba, yungali bawabu wa usiku, na miguu imevimba.

Deni la leo halibishi hodi. Tangu M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, na Fuliza mwaka 2019, mkopo hupatikana kwa simu usiku wa manane. Na kwa Fuliza, fedha ikiingia tu hukatwa kabla mwenyewe hajaigusa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imekataza makato ya mshahara kupita theluthi mbili, lakini makato ya simu hayapiti mkononi mwa mwajiri, wala sheria hiyo haiyaoni.

Mtume (S.A.W.) alipojilinda kwa Mungu na hamu na huzuni, katika dua hiyo hiyo aliutaja uzito wa deni. Basi vipi tumwambie mdaiwa kuwa kukosa kwake usingizi ni udhaifu wa imani?

Hatusemi kuwa mdaiwa hana lawama. Yuko akopaye kwa harusi ya kujionyesha, na huyo ana hesabu yake. Wala hatukanushi kadari. Lakini kadari haijapata kuwa hoja ya mwizi, na mshahara wa mwezi uliozuiliwa hadi tarehe kumi na tano umezuiliwa na mkono wa mtu. Kumhubiria subira aliyenyimwa, na kumnyamazia aliyenyima, ni kuigeuza subira kuwa ngao ya dhalimu.

Wako katika darasa letu wenye maduka na nyumba za kupangisha. Twawauliza: yule kijana anayewabebea magunia, mwezi uliopita alilipwa tarehe ngapi?